Baba aliuza vinyago maisha yake yote: karatasi zake tuzifanyeje?

SWALI: Shikamoo. Marehemu baba alikuwa na duka la vinyago na michoro hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 30. Ametuachia sanduku la bati na makatoni manne. Ndani mna madaftari 19 ya hesabu, barua za wateja wa ng'ambo na za wachongaji, picha zenye namba mgongoni, faksi, risiti, na hata barua alizomwandikia mama akiwa safarini, ambazo sijui kama nizitoe ziwe kando. Kuna mtu kutoka nje anataka kununua barua na picha tu. Madaftari anasema tuchome, hayana faida kwa mtu. Kaka yangu amekubali, lakini kwa sababu yake mwenyewe: katika daftari moja la miaka ya themanini tumekuta baba aliuza vigango, zile nguzo za ukumbusho wa wazee wa Kimijikenda waliofariki. Anataka kurasa zile zichanwe kabla mgeni hajaziona. Nakutumia picha ya ukurasa mmoja wa hesabu; una herufi tatu zinazonisumbua. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Naanza na jibu lenyewe kwa sababu wanunuzi wa namna hiyo huwa na haraka. Msimuuzie barua na picha peke yake. Msichome daftari hata moja. Na kurasa za vigango zisiguswe. Sasa kaa nikueleze, maana hilo la tatu ni zito, na kaka yako anastahili kuelezwa kwa utaratibu, asije akaona anaamrishwa katika jambo la baba yake mzazi.

Nimetunza nyaraka karibu umri wangu wote wa kazi. Nikikaribishwa kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa sanaa aliyefariki, kitu cha kwanza kuletwa sebuleni ni barua yenye sahihi ya mtu mkubwa, imetiwa kwenye fremu au kwenye mfuko wa plastiki. Madaftari ya hesabu yako stoo, chini ya ngazi, pamoja na makopo ya rangi. Mimi huomba nianze na ya chini ya ngazi. Tazama picha ya ukurasa mmoja uliyonitumia. Safu ya kwanza namba, 412. Ya pili, "ujamaa, mpingo, futi 3". Ya tatu jina la mchongaji. Halafu herufi tatu zisizosomeka kama neno lolote, halafu bei kwa dola, halafu jina la mama mmoja wa Hamburg, na pembeni kwa kalamu nyekundu, "meli". Barua ya yule mama, ukiitafuta, huenda inasema tu kwamba kinyago kimefika salama na mumewe amefurahi. Kinyago gani? Barua haijui. Kuna picha yenye 412 mgongoni, nayo haijui imekwenda wapi wala nani alikichonga. Daftari ndilo linalozifanya zote tatu ziseme. Yule mnunuzi akiondoka na barua na picha, ameondoka na mabubu, na nyinyi mmebaki na orodha ya namba zisizo na sura. Sitashangaa akirudi baada ya miaka miwili kuuliza kama madaftari yaliungua kweli.

Nikupe kisa cha daftari moja, dogo kuliko yote ya baba yako.

Amsterdam, kabla ya vita vya pili vya dunia, kulikuwa na muuza michoro Myahudi aliyeitwa Jacques Goudstikker, mmoja wa wakubwa kabisa Ulaya kwa michoro ya mabingwa wa zamani. Duka lake lilikuwa kwenye jumba la kifahari kando ya mfereji wa Herengracht. Wajerumani walivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Siku chache baadaye yeye, mkewe Dési na mtoto wao mchanga wakapata nafasi katika meli ya mizigo, SS Bodegraven. Michoro yote ikaachwa nyuma. Usiku, taa za meli zimezimwa kwa kuogopa ndege, Goudstikker akatoka sitahani kupata hewa, akatumbukia kwenye tundu la ngama lililokuwa wazi, akafa. Alikuwa na miaka 42. Mfukoni mwake mlikuwa na kijidaftari cheusi, kurasa za kutoa na kutia, zimepangwa kwa alfabeti: jina la mchoraji, jina la mchoro, vipimo, ulikonunuliwa, bei. Maingizo zaidi ya 1,100. Mjane akalichukua akaendelea na safari.

Mwaka uleule Hermann Göring, mtu wa pili kwa Hitler, na mshirika wake wakajitwalia duka zima kwa mauzo ya kulazimishwa. Vita vilipokwisha, Wamarekani na Waingereza waliirudisha sehemu ya michoro Uholanzi, lakini serikali ya huko ikaiweka kwenye makumbusho yake yenyewe. Mjane akafa bila kuipata. Familia ilipofufua madai miaka ya tisini, walianzia wapi? Kwenye kile kijidaftari. Unachukua mchoro uliotundikwa kwenye ukumbi wa makumbusho, unaugeuza nyuma unasoma lebo na namba, unafungua herufi husika, unalinganisha vipimo. Februari 2006 serikali ya Uholanzi ikakubali kurudisha kazi 202. Sitakudanganya kwamba daftari hushinda kila mahali. Michoro miwili ya Cranach, mchoraji wa kale wa Kijerumani, Adamu na Hawa, iliyoko California, familia iliidai kwa zaidi ya miaka 10 na mahakama za Marekani zikaikatalia kwa hoja za kisheria. Lakini hata huko hakuna aliyebisha kwamba michoro hiyo ilikuwa ya Goudstikker. Daftari lilikuwa limekwisha kusema.

Kaka yako atajibu, na atakuwa na haki kujibu: huyo alikuwa aliyeibiwa. Baba yetu yuko upande wa pili, upande wa aliyeuza. Karatasi zake zitamsaidia nani isipokuwa maadui?

Basi nimsimulie kisa chenye pande zote mbili ndani yake. Paul Rosenberg alikuwa muuza sanaa wa Paris, muuzaji wa Picasso, Braque na Matisse. Mwaka 1940 alikimbilia New York. Michoro zaidi ya 160 aliificha kwenye chumba cha hazina cha benki huko Libourne karibu na Bordeaux. Wanazi wakaivunja mwaka 1941 wakaichukua. Rosenberg alikuwa na kawaida ya kupiga picha kazi zinazopita mikononi mwake na kuziwekea kumbukumbu, na familia yake ikazishikilia karatasi zile kama mtu anavyoshikilia hati ya shamba. Miaka ikapita. Mwaka 1954 duka la Knoedler la New York likanunua mchoro wa Matisse, mwanamke aliyeketi kwa mavazi ya mashariki, kutoka kwa duka la Paris, likauuza kwa familia moja tajiri ya jimbo la Washington. Familia hiyo ikaja kuutoa kwa makumbusho ya sanaa ya Seattle. Warithi wa Rosenberg wakautambua. Kumbukumbu zao zilithibitisha kwamba ulikuwa wao; kumbukumbu za Knoedler ndizo zilizoonyesha ulipita mlango gani kuingia Marekani. Mwaka 1999 Seattle wakaurudisha. Ushahidi wa aliyeibiwa peke yake una pengo la miaka kumi na kitu katikati. Pengo lile huzibwa na vitabu vya aliyeuza.

Knoedler ni duka la kulitazama vizuri, kwa sababu historia yake ina mazuri na mabaya kwenye rafu moja. Lilianza mwaka 1846 kama tawi la duka la Kifaransa. Ndilo lililomuuzia tajiri Andrew Mellon michoro 21 kutoka jumba la Hermitage wakati Stalin alipokuwa na njaa ya dola, mwaka 1930 na 1931. Michoro ile leo iko katika National Gallery ya Washington. Kwa zaidi ya miaka mia makarani wake waliandika vitabu vya bidhaa kama alivyoandika baba yako: namba, msanii, kitu, kimetoka kwa nani, kimekwenda kwa nani. Kisha, miaka yake ya mwisho, duka likaanza kuuza michoro iliyodaiwa kuwa ya Rothko, Pollock na wenzao, wachoraji mashuhuri wa Marekani, iliyoletwa na mama mmoja kwa niaba ya mwenye mali asiyetajwa jina. Karatasi haikuwapo. Hapakuwa na risiti, barua wala picha ya zamani. Baadaye ikabainika kuwa yote ilichorwa na mzee mmoja nyumbani kwake Queens, New York. "Rothko" mmoja peke yake uliuzwa mwaka 2004 kwa dola milioni 8.3. Mwishoni mwa 2011 duka likafungwa, miaka 165 baada ya kuanza.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti ya Getty, Los Angeles, ikachukua nyaraka zote za duka lile. Hawakusema, duka limeaibika, tusiziguse. Vitabu vya bidhaa vikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na leo wewe ukiwa Mombasa na simu yako unaweza kuvifungua ukasoma mwandiko wa karani wa 1890. Hakuna aliyechana kurasa za wateja wabaya. Zingechanwa, watafiti wangekiona kisiki cha karatasi katikati ya daftari, na kuanzia hapo kila ukurasa uliobaki ungeshukiwa.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa karatasi za baba yenu pia. Daftari lililoshonwa haliwezi kuchanwa kwa siri. Ukitoa karatasi upande huu wa uzi, mwenzake wa upande wa pili hulegea. Namba zinaruka kutoka 1103 hadi 1119. Na mtu mwenye jicho atajua siku hiyohiyo kwamba kuna mkono umepita. Atauliza kuna nini, na majibu atakayojitungia yatakuwa mabaya kuliko kilichoandikwa.

Tuje kwenye vigango wenyewe. Naandika kwa wasomaji wa mbali pia, kwa hiyo nieleze kwa ufupi: kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa ambayo Wamijikenda, hasa Wagiriama, humsimikia mzee wa chama cha gohu aliyefariki. Wenyewe hawakihesabu kuwa pambo. Roho ya mzee imepewa mahali pa kukaa, na hakiondolewi hata mji ukihama. Kuanzia miaka ya sabini na themanini viliibwa kwa wingi, vijana wakaviuza kwa madalali, madalali kwa maduka ya watalii, maduka kwa wauzaji wa Marekani, na mwisho vikafika kwenye makumbusho na majumba ya watu maarufu kama "sanaa ya Afrika".

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vigango vikaibwa. Picha ikakaa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy aliona slaidi ya kigango kilichokuwa kwenye makumbusho huko Illinois, akakijua. Kilikuwa kimoja kati ya vile viwili. Cha pili kikapatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ikaanza kurudishiwa. Mzee Mwakiru mwenyewe alikuwa ameshafariki. Picha moja ya mtafiti, yenye jina la mzee na mwaka, ilitosha kuvuka bahari na kurudi na kigango.

Lakini familia ngapi zilipigwa picha? Baadaye makumbusho mengine nayo yakaamua kurudisha. Yale ya Denver peke yake yalikabidhi 30. Na hapo ndipo kidonda kilipo: vigango vingi vinavyorudi Kenya havina anwani. Vinafika kwenye kreti, vizuri, vimefungwa kwa sponji, na hakuna anayejua ni vya mji gani wala vya mzee gani. Wauzaji hawakuandika, au waliandika watoto wao wakachoma. Kigango kinakaa stoo ya serikali badala ya kukaa kwenye kaya.

Uliniambia kwamba kwenye kurasa zile safu ya tatu ina jina la aliyeleta, na chini yake jina la kijiji. Safu ya mwisho ina jina la mnunuzi na mji wake Marekani. Mwanangu, nilipolisoma hilo niliweka simu chini nikatulia kidogo. Unajua umeshika nini? Kuna nguzo mahali fulani, kwenye ukumbi wenye taa au kwenye sebule ya mtu, na kuna nyumba huku Kilifi ambayo wajukuu wanajua kwamba babu aliondolewa usiku. Kati ya hao wawili, uzi uliobaki huenda ni mistari ile iliyoandikwa na baba yako. Kaka yako akiichana, hatamwondolea baba jambo lililotendeka zaidi ya miaka 30 iliyopita. Atakachoondoa ni njia ya kulirekebisha.

Na jambo moja la kumtetea marehemu, nalisema kwa moyo: aliandika. Wengi katika biashara ile hawakuandika makusudi. Mtu anayejua anaficha haandiki jina la kijiji kwa mwandiko ulionyooka hivyo.

Kabla ya kukabidhi kurasa zile popote, muoneni wakili, kwa sababu biashara ya mambo ya kale nchini ina sheria yake, ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na ni vema mjue mnasimama wapi kama warithi. Halafu wakili huyo huyo akuandikieni barua ya kufungua mazungumzo na Makumbusho ya Taifa. Fort Jesus iko mlangoni penu. Karatasi hizi pia ni sehemu ya mirathi. Kaka hawezi kuziuza peke yake, wala wewe; kila mrithi awe na sauti.

Nirudi kwenye zile herufi tatu zinazokusumbua. Wauzaji wa zamani hawakuandika bei ya kununulia waziwazi, kwa kuwa mteja husimama mbele ya meza na daftari liko wazi. Knoedler walikuwa na siri yao ya herufi. Duveen Brothers, wauzaji wakubwa wa London, Paris na New York, waliandikiana simu za maandishi kwa mafumbo; mtaalamu wao mashuhuri, Bernard Berenson, kwenye vitabu vyao aliitwa "Doris". Wafanyabiashara wa kawaida hutumia neno au maneno yenye herufi 10 zisizojirudia, kila moja ikisimama badala ya tarakimu. Chukua mfano "pwani leo tu". Hesabu: p ni 1, w ni 2, a ni 3, n ni 4, i ni 5, l ni 6, e ni 7, o ni 8, t ni 9, u ni 0. Ukiona "niu" kando ya kinyago, kilinunuliwa shilingi 450. Ukiona "wiu", 250. La baba yako litakuwa neno jingine, na njia ya kulipata ni kutafuta risiti ya mchongaji iliyosalimika, yenye bei kwa tarakimu, kisha kutazama herufi zilizo kwenye daftari kwa namba ileile. Risiti tano au sita hutosha kufungua neno zima. Muulize mama pia. Mara nyingi neno huwa ni jina la nyumbani.

Kwa nini bei ya kununulia ina maana? Kwa sababu inatuambia mchongaji alipata nini. Historia ya uchongaji wetu tumeishika zaidi kwa masimulizi: tunajua kwa mdomo jinsi mzee Mutisya Munge alivyorudi Ukambani na ufundi baada ya vita vya kwanza vya dunia, na jinsi chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilivyokua pale Changamwe tangu 1963. Bei halisi, mwaka kwa mwaka, kinyago kwa kinyago, ni adimu kama mvua ya Januari. Na majina ya wachongaji wenyewe ni adimu zaidi. Kwenye makumbusho ya Ulaya utasoma kibao "Makonde, mchongaji hajulikani". Kwenye daftari la baba yako anajulikana. Ana jina, na siku aliyolipwa imeandikwa.

Michoro ya Tingatinga ni hivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Alichora miaka minne tu, na kazi zake ziliuzwa Oysterbay kwa wageni bila stakabadhi. Leo kazi inayoitwa ya mkono wake ikitokea mnadani, kila mtu anauliza ithibati, na ithibati haipo. Kama baba yako aliwahi kununua michoro ya Dar na kuandika tarehe, mstari mmoja unaweza kuamua kama ubao fulani ni wa mwalimu au wa wanafunzi waliokuja baada yake.

Barua kwa mama. Hili najua ndilo linalokugusa. Umeuliza kama uzitoe ziwe kando, kwa kuwa ni za mapenzi na za nyumbani. Zisome kwanza, pamoja na mama kama anaridhia. Nimeona mara nyingi kwamba mfanyabiashara akiwa safarini humwandikia mkewe mambo ya nyumbani kwenye aya ya kwanza, na kwenye aya ya pili anamwambia amlipe fulani, amfiche fulani kinyago kile, asimwambie fulani bei. Maisha na duka vilikuwa kitambaa kimoja. Ukizitenga, utakuwa umekata kitambaa katikati. Lakini kuzihifadhi pamoja hakumaanishi kila mtu azisome. Hifadhi yoyote yenye heshima hukubali masharti kwa maandishi: bahasha hizi zifungwe mama angali hai, au kwa miaka 30, au mpaka warithi waridhie. Mama ndiye wa kuweka sharti. Ikiwa kuna barua ambayo hataki kabisa itoke nyumbani, ibaki naye, nanyi muandike kwenye orodha: "barua moja imebaki kwa familia". Kipande cha karatasi kinachosema hivyo ni ukweli kamili, na hakuna atakayelalamika.

Huyo mnunuzi, kwa njia, ajue pia kwamba akinunua barua ananunua karatasi. Maneno yaliyomo, kisheria, ni mali ya aliyeyaandika na warithi wake. Baba hakuwa na uwezo wa kuuza maneno ya mchongaji wa Makonde aliyemwandikia, wala nyinyi hamna.

Mahali pa kuzipeleka papo. Watu wengi hudhani Jumba la Nyaraka la Kenya, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue ya Nairobi, ni la mafaili ya serikali peke yake. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi. Mzee Murumbi alikuwa makamu wa pili wa rais, mwaka 1966, akajiuzulu miezi michache tu baadaye, na mwaka 1972 yeye, mkewe Sheila na Alan Donovan wakafungua African Heritage, duka na jumba la sanaa lililoleta kazi za bara zima Nairobi. Vitu vyake, vitabu vyake maelfu na karatasi zake viliingia mikononi mwa taifa, na ndiyo maana mwanafunzi wa leo anaweza kukaa pale akasoma. Nyumba yake ya Muthaiga, iliyokusudiwa kuwa kituo cha sanaa, haikunusurika, ilibomolewa. Karatasi zimeishi kuliko mawe. Mimi ningewashauri mfikirie Nairobi, au mkubaliane na Fort Jesus, na kwa vyovyote msitoe kitu bila hati ya makabidhiano yenye orodha, masharti, na haki yenu ya kupata nakala.

Wakati mnaamua, karatasi zinaumwa, kwa hiyo hudumieni mgonjwa. Sanduku la bati liinueni sakafuni kwa matofali. Mchwa wa Mombasa haulizi ruhusa. Msitie nafitalini ndani, na msitie sanduku juani. Fungueni kwa siku kavu za kaskazi, si wakati wa masika, madirisha wazi, mikono imeoshwa na kukaushwa. Pini na klipu zenye kutu zitolewe taratibu, zikigoma ziacheni. Msigandishe kilichochanika kwa selotepu, na msikubali mtu wa stationery awalaminishie chochote. Karatasi yenye wadudu ifungeni kwenye mifuko miwili ya plastiki, mtie kwenye friza kwa majuma mawili, kisha iacheni siku nzima bila kufungua mpaka ubaridi uishe. Faksi ndizo za haraka kuliko zote. Ile karatasi laini inayong'aa hufifia yenyewe. Nimefungua faili la faksi la mwaka 1994 nikakuta kurasa nyeupe kabisa, na pembeni tu, alipoandika mtu kwa kalamu, "muhimu sana". Zipigeni picha wiki hii, kabla ya kitu kingine chochote.

Na msipange. Najua utatamani kuweka barua za Ujerumani upande huu na za Marekani upande ule. Usifanye. Kama risiti imelala katikati ya ukurasa wa 57 wa daftari, huenda baba aliiweka hapo kwa sababu. Iandike ilikokuwa, uirudishe.

Kazi ya kesho ni ndogo. Nunua penseli laini, isiwe kalamu. Kaeni wawili, wewe na kaka yako, na daftari lile la vigango mbele yenu. Andikeni namba ya ukurasa, ndogo, pembeni juu kulia, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na zile kurasa anazoziogopa. Mkimaliza, pigeni picha kila ukurasa ukiwa na namba yake, na nakala moja ya picha hizo mumpe mama, nyingine niletee mimi.